Bwana Hewa na Kipimo cha Moshi

Watu wa gatini walimwita Bwana Hewa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kujaza mitungi ya wapiga mbizi. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi siku alipokuwa amekasirika naye, ndiye aliyefundisha watu kuzama. Bwana Hewa mwenyewe hakuwa akizama. Alijaribu mara moja ujanani, maji yakamwingia puani, akatoka akatangaza kwamba kazi ya maana iko huku juu. Tangu hapo alishinda kwenye banda na kompresa yake, mashine ya kushindilia hewa mitungini, akiipaka mafuta na kuifuta vumbi kama mtu anayemtunza ng'ombe wa maziwa.

"Mwalimu anawapeleka chini," aliwaambia wateja, "lakini anayewarudisha ni mimi."

Namna yake ya kukagua hewa ilikuwa moja. Alifungua koki ya mtungi kidogo, akaiacha hewa impige puani, akafumba macho kama mpishi juu ya sufuria, kisha akasema, "Safi." Hakuna mteja aliyewahi kubisha. Pua ile ilikuwa kubwa, na ilitia imani.

Siku moja Mwalimu alirudi kutoka mjini na kifaa cha njano chenye ukubwa wa kiganja, kina kioo kidogo na kamba ya kuning'iniza shingoni. Akakiweka mezani mbele ya mumewe.

"Hiki nini?"

"Kipimo."

"Cha nini?"

"Cha hewa. Kinanasa gesi ya moshi, ile isiyo na rangi wala harufu. Huko ng'ambo kuna mtu amezimia chini ya maji kwa sababu yake. Wateja wameanza kuniuliza."

"Kinapima hewa yangu?"

"Kinapima hewa yote, mume wangu. Na yako imo."

Bwana Hewa alisukuma sahani yake pembeni. "Miaka yote hii unaivuta hewa yangu mapafuni, sijasikia ukikohoa. Leo umeniletea polisi?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao na alikuwa na kiti chake mlangoni pa banda, aliisimamisha cherehani yake ya mkono kidogo asikie vizuri.

Mwalimu hakubishana. Alimweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake: unatia kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, unaujaza mfuko kwa hewa ya mtungi, unaukaza shingo, unasubiri namba itulie. Sufuri ni raha. Ikifika tano, unaanza kujiuliza. Ikipita hapo, mtungi unamwagwa wote, kwa sababu kule chini maji yanamkandamiza mtu, na sumu ambayo huku juu ingemuumiza kichwa tu, kule inamlaza.

Akapima mtungi wa kwanza. Sufuri. Wa pili, sufuri. Akapima yote iliyokuwa imesimama ukutani, na kipimo hakikusema neno.

Kuanzia jioni ile, polisi akawa rafiki. Bwana Hewa alikivaa kipimo shingoni asubuhi, akakivua wakati wa kulala. Alikipeleka kwa muuza duka, kwa fundi baiskeli, kwa kila aliyesimama. "Soma hapo," aliwaambia. "Soma mwenyewe, usinisikilize mimi." Wakasoma sufuri, wakampongeza, ingawa wengi wao hawakujua kilichokuwa kikipimwa.

Basi ikafika siku ya hakimu mstaafu. Huyu alikuwa mzee mnene, mpole, aliyeambiwa na daktari atafute burudani isiyo na kelele, naye akachagua kwenda mahali ambapo hakuna anayeweza kuzungumza. Alikuja na binti yake kwa somo la kwanza. Mwalimu alikuwa akiwapimia mavazi, na Bwana Hewa akaona hapo ndipo pa kuonyesha.

"Mheshimiwa, kabla hujaivuta hewa yangu, naomba uithibitishe kwa macho."

Akachomoa mfuko mpya. Pande zake zilikuwa zimegandana, basi akaupuliza ndani ufunguke, kama wafanyavyo wauza duka siku zote, akatia kipimo, akaujaza kwa mtungi, akaukaza shingo. Hakimu akainama na miwani yake. Namba ikapanda: tatu, saba, tisa. Kisha kipimo kikapiga yowe.

Bwana Hewa akacheka kidogo. Akachukua mfuko mwingine, akaupuliza, akajaza kutoka mtungi mwingine. Nane, na yowe.

"Nimesikia mashahidi wawili," alisema hakimu kwa upole. "Nadhani leo tukanywe chai."

Wageni walipoondoka, Mwalimu alifunga mlango, akaipima mitungi ile ile miwili kwa mkono wake. Yeye hakuupuliza mfuko, aliukung'uta tu. Sufuri. Sufuri. Bwana Hewa akanyakua kipimo, akaupuliza mfuko wake, akapima. Yowe.

"Kinalia kwako tu," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, uzi ukiwa mdomoni.

"Kina wazimu," alisema Bwana Hewa, akatoka nje kupunga upepo.

Hapo sasa inabidi kusema jambo ambalo Bwana Hewa hakuwa amemwambia mtu. Wakati binti yao mkubwa anaolewa, yeye alisimama mbele ya ukoo wote, akaahidi kwamba sigara basi, amezika. Watu walipiga makofi, Mwalimu akalia kwa furaha, mama mkwe akampa mkono. Akakaa bila sigara mpaka wageni walipomaliza kuondoka. Tangu hapo alikuwa akivuta nyuma ya banda, ukutani karibu na bomba ambalo kompresa ilivutia hewa yake, mahali ambapo dirisha la nyumba halifiki. Akimaliza anatafuna kipande cha tangawizi, anarudi kazini akinukia afya.

Siku nyingine alikitundika kipimo kwanza msumarini bandani, kisije kikashika harufu, lakini siku ile alikwenda hapo hapo kutuliza moyo bila kukumbuka. Akawasha, akavuta mkupuo mrefu, akautoa moshi kifuani. Kipimo, ambacho kilikuwa bado kinaning'inia shingoni, kikapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Bwana Hewa alikikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayemziba mtoto mdomo kanisani, akakanyaga sigara, akachuchumaa. Kilipotulia, akakitazama kwa muda. Kisha akakileta karibu na midomo na kukipulizia pumzi tupu, bila moshi.

Ishirini na moja.

Akabaki amechuchumaa. Mitungi haikuwa na neno. Hewa yake ilikuwa safi kama alivyosema siku zote. Mchafu alikuwa yeye, na pumzi yake ndiyo aliyokuwa akiipuliza ndani ya mfuko. Angeweza kuingia ndani dakika ile ile akaisafisha kompresa yake kwa maneno mawili. Lakini maneno hayo yangekuwa na moshi. Akapima upande huu na upande ule: amwachie mkewe aseme hewa ya mumewe ni mbaya, au aseme neno la mumewe ni baya? Fundi anaweza kukosea, watu wakamsamehe. Baba mkwe wa watu aliyeapa mbele ya ukoo ni habari nyingine.

Wakati wa chakula alisafisha koo. "Nimefikiri sana. Kompresa ina kasoro."

Mwalimu aliacha kutafuna. Hakuwa amewahi kumsikia akisema hivyo, hata siku ile mkanda ulipokatika ukamchapa sikio. Akaushika mkono wa mumewe juu ya meza. "Inataka moyo, baba watoto, mtu kukubali kosa lake."

Bwana Hewa akaipokea sifa hiyo akiwa ameinamisha kichwa. Mama mkwe akaomba chumvi.

Asubuhi akaanza kumfungua mgonjwa asiyeumwa. Alitoa machujio, ambayo hayakuwa na kitu, akatia mapya. Alimwaga mafuta mazuri, akatia mazuri mengine. Kila aliyepita na kuuliza, alimwambia, "Hii mashine imenitia aibu," na kila alipolisema neno hilo roho ilimuuma, kana kwamba anamsengenya mtu aliyelala chumba cha pili.

Mwalimu, ambaye alikuwa hafanyi jambo nusu, alizunguka nyuma kulikagua bomba. Akarudi amekunja kiganja, akakifungua mbele ya mumewe. Kilijaa vipisi vya sigara.

"Unaona? Vimejaa pale chini ya bomba! Kompresa yetu imekuwa ikivuta sigara na sisi hatujui."

"Watu hawana adabu," alisema Bwana Hewa.

"Ni vijana wa huyu dobi jirani, hapana wengine. Wanaruka ukuta."

"Hawana adabu kabisa!" Alilisema kwa hasira ya kweli, maana kwa muda ule alikuwa karibu kuwaona.

Akaamriwa kuandika kibao, akakiandika kwa rangi nyekundu na mwandiko wake mzuri: NI MARUFUKU KUVUTA SIGARA HAPA. Akakipigilia ukutani mwenyewe, pale pale alipozoea kuegemea. Halafu Mwalimu akasema bomba lenyewe lihamishwe, lipande juu na kutokea upande wa pili, mbali na wavutaji.

Bwana Hewa alijua bomba lile lilikuwa mahali pazuri kuliko pote. Alipolifunga zamani alikuwa amekaa pale nje na utepe wa kitambaa, akiangalia upepo unakotoka na unakokwenda, mpaka akaridhika. Lakini angelitetea vipi? Kulitetea bomba ni kuvitetea vipisi. Akapanda ngazi, akalihamisha. Likaangalia uwanja wa dobi, juu kidogo ya bomba la moshi la jiko lake la kuchemshia maji. Jiko siku zile lilikuwa baridi, dobi alikuwa amesafiri kwenda kumwoza mwanawe.

Mwalimu akapima. Sufuri kila mahali. Akamkumbatia mumewe hadharani.

Kwa woga, na kwa kukosa mahali pa kujificha, Bwana Hewa akaacha sigara. Hakuahidi mtu, hakupigiwa makofi. Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita, ulimi ukitafuta kitu. Alimkaripia muuza duka bila sababu. Alilala vibaya, akaamka na njaa. Lakini aliacha.

Jumamosi ndiyo iliyopangwa kwa somo la hakimu na binti yake. Mwalimu alitangulia gatini kuandaa boti. Bwana Hewa akajaza mitungi, na alipokuwa akijaza alisikia upande wa pili wa ukuta sauti za vijana na milio ya madebe, akajua dobi amerudi. Hakufikiria zaidi ya hapo. Mchukuzi alikuwa amesimama na mkokoteni wake, akisubiri.

Akachukua mfuko. Safari hii hakuupuliza, aliukung'uta kama mkewe. Akajaza, akakaza, akatazama. Kumi na saba, na yowe.

Bwana Hewa alikizima haraka kabla mama mkwe hajageuka. Ni mimi, aliwaza. Ni nguo hizi. Ni vidole. Moshi wa miaka yote umeniingia kwenye mifupa, sasa unatoka. Akanawa mikono, akasimama mbali, akaunyoosha mkono, akabana pumzi mpaka macho yakamtoka, akapima tena. Kumi na tano.

"Umenikamia," alikinong'oneza kipimo. "Haya, nimekuelewa."

Akakitia mfukoni kimezimwa, akaipakia mitungi mkokotenini. "Peleka! Yote safi." Kisha akampigia mkewe simu na kumwambia hivyo hivyo.

Akakaa chini kufuta mikono. Mama mkwe alikuwa akigeuza pindo la pazia.

"Mwanangu, siku hizi sikuoni na tangawizi."

"Sina haja nayo, mama. Tangu Jumatatu sija—"

Akaacha kufuta mikono. Mama mkwe naye hakuuliza hajafanya nini. Aliendelea na pindo lake.

Tangu Jumatatu hajavuta. Bwana Hewa alisimama polepole. Akatoa kipimo mfukoni, akakiwasha, akakisogeza mdomoni, akakipulizia pumzi yake yote mpaka tumbo likaingia ndani.

Sufuri.

Akatazama ukutani. Juu ya ukuta, moshi wa jiko la dobi ulikuwa ukipanda kidogo, kisha upepo ukiulaza vizuri kabisa kuelekea kwenye mdomo wa bomba alilolihamisha kwa mkono wake.

Simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa. Bwana Hewa akatoka mbio na ndala zake. Ndala moja ilibaki mbele ya duka, ya pili kwa fundi baiskeli. Alikuwa mtu mzito, hajakimbia tangu ujana, na mapafu ambayo hayajasahau sigara yaliwaka kama pasi. Watu walimwita, "Bwana Hewa, kuna nini?" Hakuwa na hewa ya kuwajibu.

Boti ilikuwa bado imefungwa gatini. Hakimu na binti yake walikuwa wameketi ukingoni, mitungi mgongoni, na Mwalimu alikuwa mbele yao, mdomo wa kuvutia hewa tayari umo kinywani, akiwaonyesha namna ya kujirusha kinyumenyume.

"Usivute!" Bwana Hewa alipiga kelele. "Toa! Toeni wote! Hewa yangu ni sumu!"

Gati zima likageuka. Wapakuzi wakatua mizigo. Mwalimu akautoa mdomo ule. "Umesema safi."

"Nilidhani ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Kililia, nikadhani kinanililia mimi. Kumbe safari hii si mimi. Ni dobi."

"Sielewi. Kwa nini kikulilie wewe?"

Bwana Hewa alishika magoti, akahema. Palikuwa na njia ya kuzunguka, aliiona, ndefu, yenye kona nyingi. Kisha akauona ule mdomo wa hewa, bado umelowa, mkononi mwa mkewe.

"Kwa sababu nilikuwa navuta," alisema. "Sigara. Nyuma ya banda. Vile vipisi ni vyangu. Kompresa haikuwa na kosa, bomba halikuwa na kosa. Lakini tangu Jumatatu sijavuta, wallahi, kwa hiyo sasa hivi kikilia ni mtungi!"

Mwalimu alishuka kwenye boti na mtungi wake mgongoni, hatua kwa hatua, hadi mbele ya mumewe. Akanyoosha mkono. Akapewa kipimo.

"Puliza."

Akapuliza, mbele ya wapakuzi, wavuvi na wauza karanga. Sufuri. Mwalimu akamwonyesha hakimu kioo. Kisha akaweka kipimo kwenye hewa ya mtungi wake mwenyewe, na yowe likasikika gati zima. Kumi na sita.

Ndiyo siku ya kwanza tangu arusi ya binti yake ambayo Bwana Hewa alithibitika kuwa msafi, na hakuwahi kujisikia mchafu kama siku hiyo.

"Mshtakiwa amejileta mwenyewe," alisema hakimu, akifungua mikanda yake. "Katika miaka yangu yote sikuwahi kumpata wa namna hiyo." Binti yake alikuwa tayari ameshavua mtungi.

Mwalimu alikuwa amevuta pumzi chache tu. Kichwa kilimuuma mpaka mchana, basi. Mchana huo huo mitungi ilimwagwa, bomba likarudishwa nyuma ya banda, na dobi, alipoelezwa, akarefusha bomba lake la moshi bila ubishi. Vijana wake waliombwa radhi, ingawa hawakujua kwamba walikuwa wameshtakiwa.

Nyumbani mambo hayakwenda haraka hivyo. Mwalimu hakugombana. Alikuwa akimjibu mumewe kwa sauti ya darasani, ya adabu na maji baridi, na hiyo ilimtesa Bwana Hewa kuliko matusi. "Sigara ningeivumilia," alimwambia siku moja wakikunja mavazi. "Lakini uliona namba, ukasema safi. Na mimi niliamini kwa sababu ni wewe." Bwana Hewa akainamia vazi lililokuwa mkononi mwake. Alikunja vazi lile mara tatu.

Mjini, kinyume chake, habari ilipanda. Hakimu aliisimulia kila alikokwenda: kuna mtu pale gatini alikimbia pekupeku kutangaza kwamba mali yake ni sumu. Wateja wakaongezeka. Walikuja kumpa mkono mtu mkweli. Bwana Hewa aliwapa mkono huku mama mkwe akikohoa mlangoni.

Mwishowe umoja wa wapiga mbizi ukatuma ujumbe: ulitaka mtu mmoja wa kupita kila banda na kupima mitungi ya watu wote, mtu ambaye neno lake halina shaka, na umemchagua yeye. Mwalimu aliusikia ujumbe huo akiwa amesimama na beseni. Alianza kucheka, akaliweka beseni chini, akacheka mpaka akakaa juu ya mtungi. Bwana Hewa alikuwa hajausikia ucheko huo kwa muda mrefu, akausikiliza wote.

"Nikatae?" aliuliza.

"Ukubali. Umekosea kwa kila namna ambayo mtu anaweza kukosea na kifaa hiki. Nani atakudanganya?"

Bwana Hewa akakwaruza doa lisilokuwapo kwenye koki. "Basi kabla sijakubali, nikwambie. Jana nilivuta. Nusu. Dobi alinipa."

"Najua," alisema Mwalimu, akifuta machozi ya kicheko. "Mama alishaniambia. Alisema amekuona unanunua tangawizi."